Uso umetoka kama jivu? Mwongozo kamili wa kujifunza potreti (picha ya uso wa mtu) ya rangi za mafuta kwa kumnakili Juan de Pareja

Kila wiki napokea picha za aina ileile kwenye simu. Macho yapo, pua ipo, hata ndevu zipo, ila ngozi imekuwa kijivu kama mtu katoka kushusha simenti, au imekuwa na rangi ya soda ya machungwa, na chini yake ujumbe mmoja tu, "mwalimu hapa nimekosea wapi?" Nilikuwa najibu mmoja mmoja mpaka nikachoka maana majibu yenyewe yanafanana, kwa hiyo leo naandika yote mara moja na ukikwama nitakuuliza kwanza umefika hatua ya ngapi.

Kosa nakwambia mapema ili usome kwa amani. Mkono wako hauna shida. Shida ni kwamba unafungua tyubu za rangi kabla hujajua kwenye uso ule wapi kuna mwanga na wapi kuna giza, afu unataka pigo moja la brashi likuamulie umbo, giza na rangi kwa mpigo. Haiwezekani, hata wazoefu wengi hawajaribu. Tutavitenganisha, na ndo maana kazi hii itakuchukua kama wiki tatu, ingawa muda mwingi ni wa kusubiri rangi ikauke.

## Tunanakili nini

Tunanakili kichwa cha Juan de Pareja. Velázquez, mchoraji wa Kihispania, alimchora Roma mwaka 1650, na picha yenyewe ipo Metropolitan Museum kule New York. Historia tuiache, jua tu kwamba Pareja alikuwa Mhispania mwenye asili ya Afrika, alikuwa mtumwa kwenye karakana ya Velázquez, akaachiwa huru na baadaye akawa mchoraji mwenyewe.

Nimemchagua yeye kwa sababu ngozi yake ni ya kahawia. Wengi mnaanza na wale mabibi weupe wa Ulaya, mnajifunza mchanganyiko wa waridi na krimu, siku ukikaa kumchora mama yako unagundua hujui chochote. Halafu rangi za picha hii ni chache sana, nyeusi, nyeupe, za udongo na wekundu kidogo, yaani hata mfuko mdogo unatosha.

Picha yenyewe unaishusha bure kwenye tovuti ya hiyo makumbusho, ni kubwa na safi, na wameiachia watu waitumie wanavyotaka. Usichukue zile za kuokoteza, moja ina wekundu, nyingine ina kijani, utanakili makosa ya mtu mwingine.

Tunachukua kichwa na kola nyeupe basi. Mkono achana nao kwa sasa, na joho tunachukua kile kipande kinachozunguka kola tu.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Nunua vyote kwanza. Nimeona mtu ameishiwa nyeupe katikati ya paji la uso, akaazima kopo la rangi ya ukutani. Usifanye hivyo.

- Kanvasi moja iliyotayarishwa, sentimita 30 kwa 40 au 40 kwa 50. Kama huna, ubao wa hadibodi uliopakwa jeso (rangi nyeupe ya kutayarishia kanvasi) mara tatu kwa kupishanisha mwelekeo, uache siku nzima ukauke.
- Rangi za mafuta tyubu sita: titaniamu nyeupe (chukua tyubu kubwa, ndo inayoisha haraka), yelo oka (njano ya udongo), benti siena (kahawia yenye wekundu), benti amba (kahawia ya giza), aivori bleki (nyeusi), na nyekundu ya kadmiamu tyubu ndogo. Za daraja la wanafunzi zinatosha.
- Brashi bapa za manyoya magumu, moja ya sentimita 2 hivi na mbili za nusu yake, pamoja na moja laini ndogo ya mviringo. Hiyo ndogo ifiche mpaka nitakapokwambia.
- Tapentaini safi ya wachoraji na chupa ndogo ya mafuta ya kitani.
- Kipande cha kioo cha dirisha ukubwa wa A3, kingo zake zizungushie tepu, na chini yake uweke karatasi ya kijivu. Hiyo ndo paleti yako, yaani pa kuchanganyia rangi.
- Kisu cha kuchanganyia rangi.
- Mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko, matambara ya fulana zilizochakaa, sabuni ya mche.
- Uzi na kitu kizito kidogo cha kufunga mwishoni, kama timazi ya fundi mwashi.

Orodha hii haina tyubu ya "rangi ya ngozi" na sijasahau. Mimi mwenyewe tyubu yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, nikafungua kwa furaha nikakuta uwaridi wa mdoli wa plastiki, na mpaka leo najiuliza ni ngozi ya nani. Usinunue.

Thina ya mafundi wa magari, petroli na mafuta ya taa usiviingize humu. Thina ni kali mno, harufu yake ndani ya chumba inakupa kichwa na inaweza kuyeyusha tabaka la chini ulilolisotea, na mafuta ya taa yanaacha unatounato usioisha. Hata tapentaini yenyewe fungua madirisha, usile huku unachora, usimwage kwenye sinki. Ikichafuka ifunike, kesho yake uchafu utakuwa umetulia chini, mimina ile safi ya juu kwenye mtungi wa pili uitumie tena.

## Hatua ya 1: Chapisha picha mbili

Kata picha kwenye simu au kompyuta ibaki kichwa na kola, kwa uwiano uleule wa kanvasi yako. Kama kanvasi ni 30 kwa 40, picha nayo iwe tatu kwa nne, la sivyo uso utavutika kama umepita kwenye kijiko.

Chapisha nakala mbili A4 kwenye karatasi ya picha, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe. Hiyo ya nyeusi na nyeupe ndo muhimu zaidi, wengi hawanielewi hapa mpaka waharibu kanvasi mbili tatu. Ile ya rangi ilinganishe na skrini kabla hujatoka kwenye duka la kuchapisha, mashine nyingi zinaongeza wekundu, na simu yako izime ile hali ya usiku inayofanya kila kitu kuwa njano.

Nakala ya rangi ipeleke ikaleminetiwe, yaani ifunikwe plastiki ngumu. Kwa nini? Utaona hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Ua weupe wa kanvasi

Changanya benti amba na nyeusi kidogo na nyeupe, ilegeze kwa tapentaini iwe kama chai ya maziwa, paka kanvasi nzima, afu futa kwa tambara mpaka ibaki kahawia-kijivu ya katikati. Iache siku moja mpaka mbili.

Sababu yake ni macho. Juu ya kanvasi nyeupe kila rangi unayoweka inaonekana nyeusi kupita kiasi, kwa hiyo unaogopa, unaongeza nyeupe, unaongeza tena, mwisho mtu wa kahawia anakuwa mgonjwa. Ukianzia kwenye rangi ya katikati unaona mara moja kipi ni cheusi kuliko hapo na kipi ni cheupe kuliko hapo.

Imekaa sawa kama ukiangalia kanvasi na ile nakala ya nyeusi na nyeupe pamoja, kanvasi inafanana na ukuta ulio nyuma ya Pareja au imekaribia. Ikiwa kama ubao wa shule umezidisha, futa tena kwa tambara lenye tapentaini.

## Hatua ya 3: Chora umbo, usichore sura

Piga gridi ya miraba kwenye nakala ya nyeusi na nyeupe, miraba mitatu kwa upana na minne kwa urefu basi (kanvasi ya 40 kwa 50 iwe minne kwa mitano), na vivyo hivyo kwenye kanvasi kwa penseli hafifu. Kuna watu wanasema gridi ni udanganyifu, waache waseme. Ila usipige miraba 100, ukifanya hivyo unanakili vipande na huoni kichwa.

Chukua benti amba iliyolegezwa, brashi ya kati, anza na vitu vikubwa: mzingo wa nywele na kichwa kama kitu kimoja, pembe ya kola, mstari wa bega. Baadae ndo mstari wa macho, chini ya pua, mstari wa mdomo. Macho yaweke kama vivuli viwili, bila kope, bila mboni.

Sasa timazi. Ning'iniza uzi mbele ya picha unayonakili, uangalie pembe ya ndani ya jicho iko juu ya nini, je inaangukia kwenye pua, kwenye masharubu, kwenye kola? Fanya vivyo hivyo kwenye kanvasi. Pareja kageuza kichwa kidogo, kwa hiyo nusu moja ya uso ni nyembamba kuliko nyingine, na ubongo wako hautaki kukubali, utataka kumnyoosha atazame mbele kama picha ya kitambulisho. Hilo ni kosa namba mbili kwa wingi kati ya yote ninayotumiwa.

Ukimaliza geuza kanvasi na picha zote mbili juu chini. Makosa yatajionyesha yenyewe. Rekebisha sasa hivi wakati ni kufuta na tambara tu, maana pua iliyokaa vibaya haiponi kwa kupakwa rangi nzuri, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nina kanvasi moja nyuma ya kabati ambayo niliipaka wiki nzima huku najua kabisa jicho la kulia liko juu.

Usiende mbele mpaka mtu wa nyumbani aangalie aseme "kichwa kimegeuka kidogo huyu." Akisema hivyo bila kuulizwa umefaulu.

## Hatua ya 4: Uso mzima kwa kahawia moja

Hapa ndo kazi ilipo. Mkiniuliza hatua gani siruki hata nikiwa na haraka ni hii.

Tumia benti amba peke yake na tapentaini, hakuna nyeupe. Giza unalipata kwa kupaka nzito, mwanga unaupata kwa kufuta na tambara lililozungushwa kidoleni mpaka rangi ya chini itokeze.

Weka nakala ya nyeusi na nyeupe kando ya kanvasi, rudi nyuma hatua mbili, fumba macho nusu kama mtu anayetazama jua. Maelezo madogo yanapotea, yanabaki mabonge matatu: giza, katikati, mwanga. Mwanga unatokea kushoto kwako juu, kwa hiyo paji la uso na upande wa kushoto wa pua na shavu vinang'aa, upande wa kulia unazama. Nywele, ndevu na kivuli cha upande wa kulia, ukifumba nusu, ni kitu kimoja. Viunganishe! Acha kuvitenganisha kwa sababu unajua hizi ni nywele na hili ni shavu. Jicho halijui majina.

Paka giza lote kwanza kama ramani ya nchi moja. Baada ya hapo katikati. Mwanga futa mwishoni, na mwanga mkali kabisa wa kwenye paji uuache ukiwa mdogo, maana ukifuta eneo kubwa uso unakuwa bapa kama sahani.

Kuna mtihani rahisi. Piga picha kanvasi kwa simu, iweke iwe nyeusi na nyeupe, iweke pembeni ya ile ya Velázquez, zipunguze zote ziwe ndogo kama stempu. Zikifanana kwa udogo huo umemaliza. Kama yako inaonekana imejaa ukungu, giza lako halijafika, na nakuhakikishia kwa wengi ndo hali ilivyo kwa sababu mnaogopa giza. Ongeza tu.

Acha ikauke siku mbili mpaka tatu. Amba inakauka haraka kuliko rangi nyingi za mafuta, ndo sababu tumeitumia chini. Kwa walioko Pwani wakati wa masika ongezeni siku, na msiiweke kabatini ili isipate vumbi, rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa, haikauki kama maji ya nguo. Inataka hewa na mwanga wa kawaida wa chumba.

## Hatua ya 5: Changanya rangi zote kabla hujagusa uso

Siku ya rangi, saa nzima ya kwanza ni ya kisu na kioo. Brashi ikae.

Utatengeneza mafungu matano ya ngozi, kila moja kubwa kama kijiko cha chai, uyapange kwa mstari kutoka giza kwenda mwanga:

1. Giza kuu: benti amba na nyeusi, na benti siena kidogo ili lisife.
2. Kivuli: benti amba na benti siena nusu kwa nusu, na yelo oka tone.
3. Katikati: benti siena na yelo oka, nyeusi kiduchu sana, na nyeupe kama punje ya mchele.
4. Mwanga: lile la katikati ongeza yelo oka na nyeupe, na wekundu wa ncha ya kisu.
5. Mng'ao: lile la mwanga ongeza nyeupe na kijivu kidogo. Sio nyeupe tupu.

Pembeni tengeneza kijivu kwa nyeusi na nyeupe tu, hicho nitakieleza.

Chukua nakala iliyoleminetiwa, bandika tone la kila fungu kwa kisu moja kwa moja juu ya sehemu yake kwenye picha. Tone likipotea, rangi iko sawa. Likionekana kama doa, jiulize kwa mpangilio huu: je ni jeusi mno au jeupe mno? Ukishajibu hilo ndo uulize ni jekundu mno au njano mno au imepoa mno. Wengi wanaanza na swali la pili na hapo ndo wanapozunguka mpaka paleti yote inakuwa matope. Futa tone kwa tambara, jaribu tena, plastiki haiharibiki.

Sasa jivu linatokea wapi. Titaniamu nyeupe ina nguvu na ina ubaridi, ukiitumia kuongeza mwanga kwenye kahawia inapooza rangi na kuipeleka kwenye kijivu cha chokaa. Kwa hiyo kila unapoongeza nyeupe ongeza na yelo oka au wekundu kidogo wa kuirudishia joto. Na kwenye vivuli usiweke nyeupe kabisa, hata tone, kivuli chenye nyeupe kinakuwa kama vumbi juu ya ngozi. Ule uchungwa wa soda nao unatokana na kutumia benti siena nyingi bila kitu cha kuituliza. Dawa yake ni kile kijivu.

Kijivu cha nyeusi na nyeupe, kikiwekwa pembeni ya siena, kinaonekana bluu. Kweli kabisa, jaribu. Na nyeusi ukiichanganya na yelo oka unapata kijani cha mzeituni. Ngozi ya kahawia ina sehemu hizo, pale mwanga unapogeuka kuingia kivulini na pembeni ya taya, na mtu akikwambia Velázquez lazima alitumia bluu na kijani usoni, wewe mwonyeshe hizo mbili.

## Hatua ya 6: Tabaka la kwanza la rangi

Rangi iwe kama ilivyotoka kwenye tyubu, au tone la tapentaini kama ni ngumu. Mafuta ya kitani bado.

Anza na ukuta wa nyuma na kivuli cha uso kwa pamoja, kisha joho la giza kuzunguka kola. Mnachopenda ni kuanza na macho, najua. Lakini rangi ya ngozi haipo peke yake, inaonekana vile inavyoonekana kwa sababu ya kilicho pembeni yake, na uso uliopakwa huku ukuta bado mtupu utalazimika kuupaka upya.

Ingia na fungu la kivuli, kisha la katikati, kisha la mwanga, kwa brashi ile kubwa inayokutisha. Weka pigo, liache. Pigo lingine pembeni yake, liache. Usisugue. Kusugua kunachanganya mwanga na kivuli juu ya kanvasi, na hilo ndo tope lenyewe. Uso wakati huu utafanana na kitu kilichochongwa kwa panga, mabapa mabapa, na hapo ndo pazuri. Wengi wanapiga simu wakati huu wakisema imeharibika.

Palepale mabapa mawili yanapokutana pitisha pigo moja la rangi ya kati yao, sio kidole.

Futa brashi kwenye tambara kila baada ya mapigo mawili matatu. Inachosha, ifanye hivyohivyo.

Kamilisha uso mzima kwa kikao kimoja, saa mbili au tatu, hata kama ni kwa ukali-ukali. Afu weka brashi chini, usiiguse wiki nzima. Gusa pembeni kwa kidole, kisipobeba rangi endelea.

## Hatua ya 7: Tabaka la pili, macho na mdomo

Sasa changanya mafuta ya kitani na tapentaini sawa kwa sawa, uchovye ncha tu ya brashi. Kanuni ni nyembamba chini, mafuta juu. Tabaka lenye mafuta mengi linachelewa kukauka na linaendelea kujivuta, likiwa chini ya tabaka kavu linalipasua lile la juu kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Picha zenu zilizopasuka nimeziona, ni hilo.

Ile brashi ndogo itoe sasa.

Weupe wa jicho sio mweupe. Chukua kijivu chako, tia kahawia, uweke, na utashangaa kuona unaonekana mweupe. Upande wa kivulini uwe mweusi zaidi. Mboni na kope ya juu ziwe giza moja lililoungana, kope ya chini usiichoree mstari. Nukta ya mng'ao ni moja kwa kila jicho, ndogo kuliko unavyodhani, na iwe ya mwisho kabisa.

Pua inakaa kwa kivuli cha chini yake, tundu la pua usiliweke nyeusi tupu, lina wekundu ndani. Kwenye mdomo kitu kimoja tu chenye makali ni ule mstari wa giza kati ya midomo, kingo nyingine ziyeyuke kwenye ngozi na masharubu.

Nywele na ndevu ndo mnapopoteza mchana mzima. Velázquez hakuhesabu nywele. Angalia picha yake kwa karibu, ni wingu la giza lenye kingo laini, na mapigo machache ya kijivu panapoguswa na mwanga. Paka giza, afu paka ukuta ukiingilia kidogo ndani yake ikiwa bado mbichi, ukingo wenyewe utalainika.

Mng'ao wa paji la uso uweke kwa rangi nzito kidogo, pigo moja, mawili. Halafu geuka uende ukanywe chai. Kila unayemwona kaharibu paji la uso aliharibu kwa pigo la tatu.

## Hatua ya 8: Kola

Kola ndo furaha ya picha hii. Paka umbo lake lote kijivu kwanza, kijivu kilichotulia, cheusi kuliko unavyoona. Acha kishike siku mbili. Kisha chukua nyeupe yenye oka kidogo, nene, bila mafuta ya kuilegeza, na weka mapigo palipo na mwanga tu. Mapambo ya lesi yaweke kwa madoa yasiyo na mpangilio, kwa karibu yaonekane ovyo, ukirudi hatua nne yanakuwa kitambaa. Ukianza kuchora tundu moja moja utapata neti ya mbu.

Ukishaiweka angalia tena uso. Mara nyingi utagundua mng'ao wa paji uliouona mkali sasa umetulia, kwa sababu kola ndo kitu cheupe kuliko vyote pale. Kama paji bado linashindana na kola, lipunguze.

## Hatua ya 9: Kusafisha, na hili la matambara

Brashi zifute, zisuuze kwenye tapentaini, kisha zioshe kwa sabuni ya mche na maji ya baridi kwenye kiganja mpaka povu litoke jeupe. Zilaze au zisimamishe manyoya yakiwa juu.

Matambara yenye mafuta ya kitani msiyakunje kwenye ndoo wala mfuko wa taka. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, tambara likiwa limesokotwa joto linakosa pa kutokea na linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Sio hadithi ya kutisha watoto. Yaloweshe maji, yatandaze nje moja moja yakauke kabisa, ndo utupe.

## Hatua ya 10: Baada ya kumaliza

Igeuzie ukutani siku tatu usiitazame. Ukirudi iangalie kwenye kioo cha kujitazamia, picha ikigeuka kushoto kulia unaona kosa papo hapo. Rekebisha mawili, yasizidi matatu.

Vanishi usipake mpaka ipite miezi 6, kwa zile sehemu nene za kola subiri mwaka. Rangi ikiwa kavu juu tu, vanishi inaifungia na baadaye inapasuka au inanata. Kama kuna sehemu zimepauka na nyingine zinang'aa usitishike, rangi zimefyonzwa tofauti, vanishi ndo itakayosawazisha.

Nyuma ya kanvasi andika kwa penseli kwamba ni nakala ya kazi ya Velázquez, jina lako na tarehe. Ukitaka kuiuza iuze kama nakala. Louvre, makumbusho ya Paris, wanaoruhusu watu kunakili ndani ya jumba lao wanataka nakala iwe kubwa au ndogo kuliko ya asili kwa moja ya tano angalau, kusudi zisichanganywe, na sisi hapa kwa kuwa tumekata kichwa tu tuko salama.

Ukinitumia picha ya kuuliza ulipokosea, nitumie tatu: ya hatua ya 4 ikiwa kahawia tupu, ya tabaka la kwanza, na ya mwisho. Piga mchana karibu na dirisha, bila flashi. Ukinitumia ya mwisho peke yake nitakuuliza ya hatua ya 4 iko wapi.